Mapaja ya Mbwa wa Meja

Mbwa kumi na tisa walipigwa risasi katika mtaa ulio nyuma ya soko la Tororo kabla ya saa nne asubuhi, na mtu aliyekuwa akiwaonyesha askari nyumba zenye mbwa alikuwa mimi. Nilishika kalamu na karatasi. Kila mbwa alipoanguka niliandika rangi yake, dume au jike, na mlango aliotoka, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyozoea kufanya kazi, na mikono yangu haikujua la kufanya jingine. Wa kwanza alikuwa jike mwekundu mwenye mimba. Risasi ilimpata kiunoni akazunguka mahali pamoja kama mshale wa saa, akilia, mpaka askari mmoja akamkanyaga shingo ili rafiki yake apige tena. Wa mwisho alikuwa mbwa mzee wa fundi baiskeli, kipofu, aliyekwenda mwenyewe kunusa buti.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mgonjwa. Nililijua hilo tangu jioni iliyotangulia.

Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mifugo, katikati ya miaka ile ya utawala wa jeshi. Kazi yetu ilikuwa ng'ombe: josho, chanjo, kupe. Mbwa tuliwaona mara chache, na mara nyingi walikuja wakiwa wameshakufa, kichwa ndani ya gunia, ili tuseme kama walikuwa na kichaa. Daktari wetu wa mifugo alikuwa ameondoka wiki tatu kabla ya mambo haya. Aliaga kwamba anakwenda Busia kufuatilia dawa zilizokwama forodhani, akavuka mpaka kwa miguu na mkoba mmoja, na hakurudi tena. Tulibaki watatu: karani, mlinzi na mimi. Watu wakaanza kuniita dokta, nami sikuwakataza.

Kabla ya kuondoka daktari alikuwa amenifundisha mengi mazuri na jambo moja baya. Tulikuwa na fomu ya kila mnyama aliyeletwa, na sehemu yake ya tatu ilikuwa ya ugonjwa. Fomu yenye sehemu hiyo tupu ilirudishwa kutoka makao makuu ikiwa na mstari mwekundu, na baada ya mstari mwekundu ulikuja mtu wa kukuuliza kwa nini unakula mshahara wa serikali bila kujua kazi. Kwa hiyo daktari alikuwa akisema, "Andika kitu. Ukijua, andika unachojua. Usipojua, andika kinachofanana." Miaka mitatu niliandika kinachofanana. Ng'ombe hawakuja kunilaumu.

Niliishi kwa shangazi yangu. Sisi ni watu wa mjini Busia, Waislamu, baba alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya pande mbili za mpaka, na nyumbani kwetu mbwa hakupita kizingiti. Shangazi aliniwekea nje ya mlango ndoo ya maji na kopo la udongo, nioshe mikono mara saba kama sheria inavyotaka kwa aliyelowa mate ya mbwa.

"Leo umeshika mbwa wa nani?" aliniuliza siku ile niliporudi kutoka nyumba ya Meja mmoja wa jeshi.

"Wa serikali."

"Mbwa wa serikali ananajisi vilevile. Osha."

Nyumba ya Meja ilikuwa chini ya Jiwe, ile miamba mikubwa inayoonekana kila mahali mjini. Ilijengwa kwa ajili ya mhandisi mmoja wa Kizungu, naye aliishi humo na mbwa wawili wa mbio aliowaleta kutoka kwao wakiwa wadogo. Mhandisi aliondoka kwa haraka na mizigo miwili. Nyumba ikakaa bila mwenyewe miezi kadhaa, kisha akapewa Meja, pamoja na friji, mazulia, mbwa, na mzee aliyewatunza mbwa. Huyo mzee alikuwa Msamia wa kijiji cha Masinya, upande wa Busia, mwindaji tangu ujana wake, mwenye magoti yaliyopinda na sauti ya chini. Alilala katika chumba cha watumishi, na kila wiki ya pili alipanda baiskeli akaenda kwake.

Sijawahi kuona mbwa kama wale. Walikuwa na miguu mirefu kama ya swala, kifua kikubwa, tumbo lililoingia ndani hadi ukashangaa utumbo umewekwa wapi. Dume alikuwa wa kijivu, jike wa rangi ya mchanga. Ngozi yao ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Ukiivuta kwa vidole viwili unaona mishipa. Manyoya yao yalikuwa mafupi sana, yamelala chini kama yaliyopigwa pasi. Lakini nyuma ya mapaja, kuanzia mkiani hadi karibu na goti, hapakuwa na unyoya hata mmoja. Ngozi tupu, ya kijivu kwa dume na ya waridi kwa jike, pande zote mbili sawasawa, kama mtu aliyevaa suruali iliyochanika makalioni.

Askari wawili walinifuata ofisini kwa Landrova. "Dokta ya ng'ombe iko wapi?" Karani alininyooshea kidole kabla hawajamaliza kuuliza.

Meja alikuwa amekaa barazani, bila viatu, bastola yake juu ya meza kando ya bakuli la njugu. Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, amewashika mbwa kwa kamba. Sikuelewa mara moja kwa nini amepiga magoti. Halafu nikaona shavu lake limevimba.

"Mimi nataka kujua kitu moja tu," Meja alisema. "Nani nanyoa mbwa yangu?"

"Hakuna anayewanyoa, afande," mzee alisema. "Nimesema tangu juzi. Hawa ndivyo walivyo. Kiangazi wanapukutika mapaja, mvua ikinyesha manyoya yanarudi. Mzungu alikuwa anawaacha tu."

"Mzungu, Mzungu. Mzungu amepanda ndege. Wewe ndiyo umebaki." Akanigeukia mimi. "Dokta, Jumamosi mkubwa wangu alikuja hapa kula. Ameangalia hii mbwa, ameuliza, Meja, hii mbwa nakula nini, nakula sabuni? Watu wamecheka. Unanielewa? Wamecheka ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, afande."

"Mimi nasema huyu mzee nakula nyama ya mbwa, mbwa nakula posho ya unga tu. Au namwagia yeye dawa. Yeye ni mtu ya Mzungu. Sasa wewe taangalia. Kama ni ugonjwa, sawa, tatibu. Kama ni mkono ya mtu, basi huyu namtafutia kazi ingine. Chini ya maji."

Alisema maneno hayo ya mwisho bila kupandisha sauti, akichagua njugu. Askari aliyesimama mlangoni akatazama upande wa mto Malaba kana kwamba ameulizwa njia.

Nikapiga magoti mimi pia, karibu na mzee, nikaanza kupima. Ngozi ya jike ilikuwa imeungua vibaya karibu na mkia. Nikauliza wamempaka nini. Mzee akanong'ona kwamba sajini wa Meja amewapaka oili chafu ya gari, ile nyeusi, kwa sababu kwao hutibu mbwa wa upele hivyo. Mbwa wa kawaida angeweza kustahimili. Ngozi ya hawa ililainika na kutoa malengelenge. Lakini mahali ambapo oili haikufika, juu ya mapaja, ngozi ilikuwa safi. Hakukuwa na magamba, wala vidonda, wala wekundu. Nikakwaruza sikio la dume kwa ukucha, ili nione kama mguu wa nyuma utaanza kujikuna wenyewe, maana mbwa mwenye upele hawezi kujizuia. Mguu haukutikisika. Mbwa hakujikuna hata mara moja kwa muda wote niliokuwa pale.

"Mwambie ni kawaida yao, mwanangu," mzee alisema kwa Kisamia, midomo yake haikusogea. "Mwambie tu hivyo. Wewe atakuamini."

Niliyafikiri hayo kwa muda. Ningesema ni kawaida, Meja angeniuliza nimesoma wapi kwamba ni kawaida, na sikuwa nimesoma mahali popote. Ningesema sijui, ni kama kumwambia amtupe mzee mtoni. Sikumjua mtu aliyewahi kumwambia mwanajeshi "sijui" akaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Na nilikuwa na hesabu nyingine kichwani, ambayo wakati ule niliiona ya hekima: ugonjwa si kosa la mtu. Ukiupa jina, mzee atasimama.

"Ni upele, afande," nikasema.

Mzee akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja nimalize sentensi.

"Upele," Meja akasema. "Unatoka wapi?"

"Kwa mbwa wengine, afande. Unaambukiza."

"Mbwa ya raia."

Akavaa viatu vyake, na mimi nikaona mzee ameambiwa asimame, nikafurahi. Niliondoka na makwaruzo ya ngozi ya mbwa wote wawili kwenye vipande vya kioo, kwa kuwa huo ndio utaratibu, ingawa jina nilikuwa nimeshalitoa.

Jioni nilitazama vile vioo kwa hadubini ya daktari. Kidudu cha upele ni rahisi kukijua, kina umbo la kobe mdogo mwenye miguu mifupi, na katika mbwa mgonjwa utakuta vingi. Nilitazama kioo cha kwanza, nikatazama cha pili, nikarudi kwa cha kwanza. Nilikuta vumbi, mafuta, na unyoya mmoja wa kijivu uliokatika. Nikafunga ofisi nikiwa nimeamua kwamba kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe kumwambia Meja kuwa si upele, ni kitu kingine, nami ningetafuta jina lake njiani.

Asubuhi walikuwa wananingoja kwenye mlango wa shangazi. Landrova moja na Pejo nyeupe ya Meja. Shangazi alikuwa amesimama na ndoo mkononi, hajui aitue wapi.

"Afande," nilimwambia Meja kwenye dirisha la Pejo, "jana nilitazama kwa mashine. Inawezekana si upele."

Alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti. Akakitoa mdomoni. "Jana umesema upele mbele ya watu. Sasa ulikuwa mwongo jana, ama mwongo ni wa leo?"

Sajini akafungua mlango wa nyuma wa Landrova.

"Jana nilisema upele, afande," nikasema.

"Basi panda."

Nimeshaeleza yaliyotokea nyuma ya soko. Nitaongeza hili tu: watu hawakulia kwa sauti. Mwanamke mmoja alimfungia mbwa wake ndani ya nyumba, askari akapiga risasi kupitia mlango, mbwa akafa na sufuria ya uji ikatoboka. Mama yule alitoka na ile sufuria, uji unamwagikia kanga yake, akaniuliza mimi, si wao, "Dokta, mbwa wangu alikuwa na nini?" Sajini akamjibu kwa niaba yangu, "Alikuwa na bahati mbaya, mama."

Saa nne na nusu tulishika barabara ya Busia. Mzee alikuwa ndani ya Landrova nasi, kati ya askari wawili. Meja alikuwa ameuliza kama ana mbwa kwake, na yeye alikuwa mtu asiyejua kudanganya, akasema ndiyo, mmoja. Njia nzima askari walimtania. Walimwuliza kama amelala na mbwa, kama mkewe anabweka. Yeye alitazama mikono yake. Tulipopita Buteba alisema neno moja tu, tena kwangu: "Wewe uliona hawajikuni."

"Niliona, mzee."

"Basi utasema."

Masinya tulikuta boma dogo, nyumba mbili za udongo na ghala la mtama juu ya vigingi, migomba kwa nyuma, na kinamasi cha mafunjo chini ya mteremko. Mke wa mzee alikuwa anapepeta ulezi. Mbwa akatoka nyuma ya ghala kumpokea bwana wake, nami nilipomwona nikajua kwamba maneno yangu hayatatosha tena.

Alikuwa chotara. Kichwa kilikuwa cha mbwa wetu wa vijijini, masikio yamesimama, manyoya ya shingoni ni mekundu na magumu kidogo. Lakini miguu ilikuwa ile miguu, na kifua kile, na tumbo lile lililoingia ndani. Alikuja kwa mwendo ule wa kuruka bila kugusa ardhi. Alipojigeuza kumzunguka mzee kwa furaha, tukaona mapaja yake. Yalikuwa tupu, pande zote mbili sawasawa.

Meja alishuka kwenye Pejo, akachuchumaa, akayatazama kwa muda mrefu. Nadhani kwa dakika ile alifurahi kweli, kama mtu aliyetafuta kitu akakiona.

"Dokta. Hii ni nini?"

"Inafanana, afande."

"Inafanana. Kwa hiyo upele ya mbwa yangu imetoka hapa. Huyu nakuja hapa kulala, narudi kwangu na upele kwa nguo."

Hapo mzee angeweza kukaa kimya, akabaki mtu mwenye mbwa mgonjwa. Lakini alikuwa mwindaji, na nadhani hakuweza kuvumilia mbwa yule kusingiziwa.

"Afande, huyu hana upele," alisema. "Huyu ni mtoto wa dume lako. Nilimleta mama yake Tororo wakati Mzungu ameondoka, wewe hujaja. Mapaja amerithi. Ni damu yao, afande, si ugonjwa."

Sajini akaguna. "Afande, mzee ameoza mbwa yako bila mahari."

Askari wakacheka, na Meja akasikia kicheko kile, kicheko cha pili juu ya mbwa walewale.

"Umechukua mbegu ya mbwa yangu," alisema.

"Wakati ule nyumba haikuwa na mwenyewe, afande."

"Nyumba ya serikali haikosi mwenyewe."

Askari mmoja alimpiga mzee kwa kitako cha bunduki kwenye muundi, nikasikia mfupa. Alipoanguka, mbwa hakukimbia wala hakuuma, alimlamba sikio. Sajini akalenga, akapiga, risasi ikachimba udongo, na mbwa akawa tayari ameshafika migombani. Walipiga mara tano au sita kuelekea kwenye mafunjo. Tuliyaona mafunjo yakitikisika kwa mstari ulionyooka kwenda mbali, halafu yakatulia.

Kwa kuwa mbwa aliwaponyoka, walimrudia mzee. Walimpiga kwa zamu, kwa utaratibu, kama watu wanaotwanga. Mmoja alipochoka alimpa mwenzake nafasi. Meja alisimama na mikono nyuma. Mke wa mzee alikuwa ameketi chini, ungo mapajani, ulezi umemwagika, na askari mmoja alikuwa ameweka mtutu begani mwake bila hata kumtazama.

Halafu sajini akapata wazo. "Afande, tuone kama yeye mwenyewe nayo iko na upele." Wakamchania suruali. "Dokta, pima hii mbwa."

Nilipiga magoti. Mapaja ya mzee yalikuwa membamba, na damu ilikuwa imeteremka hadi kwenye kifundo cha mguu. Nikaweka mkono wangu kwenye ngozi yake kama nilivyouweka kwenye ngozi ya dume. Ilikuwa ya moto. Nilikuwa karibu na uso wake kiasi cha kuweza kusema neno lolote, na nilikuwa karibu na Meja kiasi cha kuweza kumwambia kwamba mzee amesema kweli, kwamba vioo vilikuwa vitupu, kwamba damu hurithisha mapaja kama inavyorithisha pua.

"Hana kitu, afande," nikasema. "Ngozi yake ni safi."

"Andika," akasema sajini, nami nikaandika.

Wakamwinua, wakamtia ndani ya buti la Pejo. Mguu mmoja ulibaki nje, sajini akaukunja.

Mimi nilipewa mbwa wawili niwatibu, na nikawatibu. Kila siku baada ya kazi nilikwenda chini ya Jiwe. Kwanza nikaiondoa ile oili kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, siku nne. Malengelenge niliyapaka samli safi. Niliwaambia watumishi waache kuwalaza kwenye saruji, watandike majani makavu na magunia, kwa kuwa mbwa asiye na mafuta mwilini akilala juu ya kitu kigumu husuguka mapaja na viwiko. Nikaagiza wapewe dagaa wa kukaanga na yai mara mbili kwa wiki juu ya posho yao, na maini pale yalipopatikana. Nilivaa glavu niliyoshonewa kwa gunia nikawasugua kufuata mlalo wa manyoya, kutoka shingoni kwenda chini, mpaka wakang'aa kama viatu. Na kwa ajili ya Meja nilichanganya salfa na samli nikawapaka mapajani, dawa ya njano yenye harufu, ili aone kwamba kuna dawa. Sikuwa na imani nayo. Niliiweka kidogo sana, isiwaunguze.

Katika wiki ya tatu mke wa mzee alikuja ofisini kwa miguu kutoka kituo cha basi. Hakuingia. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, nikamfuata.

"Wamesema nini juu ya mzee wako?" alisema. Kwao mtu hasemi mume wangu mbele ya kijana.

"Mama, mimi nangoja manyoya yarudi. Yakirudi nitamwuliza Meja."

"Yataota lini?"

"Mvua ikianza."

Akatazama juu. Lilikuwa jua kali.

"Basi nami nitangoja mvua," akasema, akaondoka.

Mvua zilianza. Sijui kama ilikuwa mvua, au dagaa, au majani makavu, au siku tu, lakini siku moja nilipitisha kiganja kwenye paja la jike nikasikia kitu kama msasa laini. Wiki iliyofuata ilikuwa velveti. Mwisho wa mwezi mapaja yalikuwa yamefunikwa, na pale palipoungua kwa oili manyoya yaliota meupe, yakabaki meupe. Mzee alikuwa amesema kweli neno kwa neno.

Meja aliwaita wenzake wakaja kuona. Waliwapitisha mbwa barazani. Mkubwa wake, yule wa swali la sabuni, akawapapasa akasema sasa hao ni mbwa. Meja akanishika bega mbele yao. "Hii ndiyo dokta," alisema. "Hii anajua."

Wageni walipokwenda sebuleni nilibaki naye kwenye ngazi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali langu kwa wiki tano.

"Afande, manyoya yamerudi. Naomba kama mzee naye anaweza kurudi. Mbwa wamemzoea."

Alinitazama kwa uso mwema, uso wa mtu aliyeshiba.

"Mzee gani?" akauliza.

Sikuona kama anaficha. Nimemfikiria sana, na bado naona kwamba katika dakika ile alikuwa amesahau kweli. Nilianza kumweleza, Msamia, wa Masinya, mwenye magoti yaliyopinda, naye akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya mji asiokusudia kwenda. Kisha akamwita mtumishi aniletee sukari, kilo mbili. Sukari ilikuwa haionekani madukani tangu mwaka uliopita. Niliichukua. Shangazi aliipika kwenye chai ya Idi, na majirani wa nyuma ya soko, waliofiwa na mbwa wao, walikuja wakanywa.

Vita vilipofika mwishoni mwa miaka ile, Meja aliondoka na familia yake kuelekea kaskazini. Mbwa wawili walionekana kwa siku chache wakizunguka chini ya Jiwe, halafu hawakuonekana.

Nilikwenda Masinya baada ya hapo, na nimekwenda mara nyingi. Mara ya kwanza nilimweleza mke wa mzee yote, kuanzia neno upele hadi vioo vitupu. Alisikiliza huku akichambua mboga. Nilipomaliza akasema, "Nilijua ni wewe. Mliposhuka garini mzee wako aliniangalia akasema kijana ataeleza," na akaniletea maji ya kunawa nile.

Watu wamemletea habari za aina mbili. Mvuvi mmoja alisema mwaka ule kuna maiti ya mzee ilikwama kwenye mafunjo ya Malaba, mguu umevunjika, ikazikwa palepale na watu wasioijua. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki alisema amemwona huko Busia ya Kenya mzee Msamia anayechechemea, anatembea na mbwa mwembamba mwenye shingo nyekundu. Mchuuzi hakumsemesha kwa kuwa wakati ule hakuna aliyemwita mwingine kwa jina hadharani. Nilivuka mara tatu kumtafuta, nikauliza sokoni na kwenye stendi. Wawili walisema wanamkumbuka mbwa.

Wazee wa ukoo wamechoka kungoja. Mtu aliyepotea bila maiti huzikiwa shina la mgomba, watu wakalia, wakanyolewa, mambo ya boma yakaendelea. Wamemwomba mjane, kama ni mjane, akubali tarehe. Safari yangu ya mwisho alinikalisha akaniuliza jambo moja tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, mkono wangu ulikuwa juu ya mwili wake.

"Walipofunga lile buti, alikuwa anapumua?"

Nakumbuka namba ya kwanza ya ile Pejo. Nakumbuka rangi ya soksi za sajini, na kwamba ungo ulikuwa umepasuka ukingoni. Kuhusu pumzi, sikumbuki kuiona wala kutoiona. Nilimwambia hivyo. Akasema basi mgomba usikatwe kwanza, na mpaka ninapoandika haya haujakatwa, na yeye hajanyoa nywele zake.